Nani Kawalipa?

Assalamu alaykum, na wale wa salamu nyingine, hamjambo. Nashukuru kwa mwaliko, na kwa feni hii ambayo naona imeelekezwa kwangu peke yangu huku nyinyi mkijipepea kwa karatasi. Nitajitahidi nisiwachome kwa joto na maneno kwa pamoja.

Mimi si wakili wala mwanasiasa. Kwa miaka 22 nimekuwa mhasibu wa mashirika ya kiraia hapa Pwani ya Kenya. Kazi yangu ilikuwa risiti: nani kanunua nini, wapi, kwa idhini ya nani, na je, mwandiko wa risiti hii haufanani na mwandiko wa aliyeileta? Kwa hiyo mtu akisimama jukwaani akasema vijana walioandamana wamelipwa, wenzangu hukasirika. Mimi huuliza vocha, yaani hati ya malipo, iko wapi. Si kejeli hiyo, ni mazoea ya kazi.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa Juni 2024. Mswada wa Fedha ulitaka kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi, na ndani yake mlikuwa na ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate na asilimia 2.5 kwa mwaka kwenye magari. Serikali iliyaondoa hayo mawili maandamano yalipoanza tarehe 18, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Tarehe 25 wabunge 195 waliupitisha, 106 wakaukataa, na saa ile ile vijana wakaingia bungeni. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Hadi tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa.

Kisha, tarehe 15 Julai, Rais akiwa Keringet kule Nakuru, akalitaja shirika moja kwa jina: Ford Foundation, wakfu wa Marekani unaofadhili asasi za kiraia. Akalitaka liwaeleze Wakenya lilihusika vipi na ghasia, na kama linafadhili fujo basi lijirekebishe au liondoke. Siku tatu baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikaliandikia barua mkuu wa shirika hilo huko New York. Barua ile mliiona, ilizunguka kwenye simu zote. Ilisema kwamba kati ya Aprili 2023 na Mei 2024 shirika lilikuwa limetoa dola milioni 5.78 kwa asasi 16 za Kenya. Kwa kiwango cha siku zile ni kama shilingi milioni 750. Shirika likajibu kwamba halikufadhili maandamano hayo.

Hebu tuisome barua ile kama mhasibu anavyosoma. Hesabu zimo. Majina ya asasi yamo, yakiwemo ya watu wa kupambana na ufisadi, wanahabari wa uchunguzi, na watu wa kufuatilia wabunge wanafanya nini bungeni. Kinachokosekana ni mstari mmoja tu, ule wa katikati: shilingi hii ilitoka hapa, ikaenda kwa huyu, akanunua kile, akampa yule aliyevunja mlango ule. Bila mstari huo, ulicho nacho ni orodha mbili tu. Ya kwanza ni ya watu waliopewa pesa kwa kazi iliyoandikwa. Ya pili ni ya watu waliojitokeza barabarani. Ukizikunja karatasi mbili na kuzitia kwenye bahasha moja, zitakaa pamoja, ndiyo. Lakini kukaa pamoja si kuhusiana.

Na kuna jambo la kuchekesha ambalo aliyewahi kuandika ombi la ufadhili atalielewa. Mswada ulitangazwa Mei. Maandamano yalianza Juni. Mfadhili ninayemjua mimi hawezi kuidhinisha katoni ya karatasi kwa wiki mbili! Unaandika dhana, inarudishwa. Unaandika bajeti, unaambiwa mafuta ya gari ni mengi. Unapeleka cheti cha usajili, ripoti ya mkaguzi, sahihi za wakurugenzi watatu, mmoja wao yuko Makka. Miezi minane baadaye unapata awamu ya kwanza, na sharti kwamba pesa isitumike kwa lolote lisilo kwenye mpango kazi. Nani ataandika "kuingia bungeni, robo ya pili ya mwaka" kwenye mpango kazi?

Zile siku nilikuwa nikitazama pesa inavyotembea, kwa sababu ndiyo ninayojua kuitazama. Vijana wangu nyumbani walinunua bando za shilingi 50. Msichana wa jirani alitafsiri vifungu vya mswada kwa Kiswahili cha mtaani akavirekodi kwenye TikTok, akitumia simu yenye kioo kilichopasuka kama ramani. Maji ya chupa yalitoka madukani kwa wenye maduka. Madaktari na mawakili walijitolea. Baadaye ndipo ikaja pesa kubwa, ya mchango wa mtandaoni, kulipa bili za hospitali na mazishi. Ilikuja shilingi mia, mia mbili, hamsini. Sisi tuliozaliwa na harambee tunaijua sura hiyo ya hesabu, safu ndefu yenye tarakimu fupi. Pesa ya tajiri huonekana kinyume chake.

Sasa nije kwa lile linaloniuma zaidi, na hapa nitakaa.

Tuna msemo wa samaki mmoja akioza wote wameoza. Nimeusikia tangu utoto, na nimeusikia ukitumiwa kufunga mdomo wa kila mtu. Lakini nendeni soko la samaki alfajiri mkamtazame mama anayenunua. Hatupi tenga zima. Anafunua matamvua, anatazama wekundu, anabonyeza tumbo kwa kidole gumba, anamnusa. Samaki mmoja baada ya mwingine. Aliyeoza anamtupia paka, wengine anawapima bei. Watu wa samaki wenyewe hawauamini msemo wa samaki.

Mwaka 2015, tarehe 2 Aprili, Garissa. Watu 148 waliuawa na magaidi chuoni, wengi wao wanafunzi. Hakuna mtu katika ukumbi huu asiyekumbuka alikuwa wapi. Siku chache tu baadaye Inspekta Jenerali wa Polisi akachapisha kwenye Gazeti Rasmi la Serikali orodha ya majina 86 ya watu na mashirika yaliyodaiwa kuhusishwa na ugaidi. Ndani ya orodha ile mlikuwa na MUHURI na HAKI Africa, mashirika mawili ya haki za binadamu ya hapa hapa Mombasa. Mlikuwa na kampuni za hawala pia, zile ambazo familia nyingi za Kisomali zilitegemea kupata pesa za ndugu zao walio ng'ambo. Akaunti zikafungwa. Watu wa ushuru wakaja wakachukua hata kompyuta.

Kosa lilikuwa nini? Mashirika yale yalikuwa yakiandika majina ya vijana waliopotea na ya masheikh waliouawa, na kuuliza nani kawachukua. Ukimtetea mshukiwa mahakamani, umesimama karibu naye. Ukisimama karibu naye, una harufu yake. Ndivyo hatia ya kuhusishwa inavyofanya kazi: haihitaji tendo, inahitaji umbali tu, na umbali unapimwa na yule anayekuchukia. Mahakama Kuu ya hapa Mombasa ilisema mwezi Juni kwamba hakukuwa na ushahidi wa kuwaunganisha na ugaidi. Akaunti zilingoja amri nyingine, mwezi Novemba. Hesabuni wenyewe, Aprili hadi Novemba. Wafanyakazi wana watoto shuleni, nyumba ina kodi, na wewe huna hatia.

Mimi sikuwa mfanyakazi wa mashirika yale. Lakini miezi kadhaa kabla nilikuwa nimehudhuria warsha ya siku mbili pamoja na watu wao, mada yenyewe ikiwa utunzaji wa vitabu vya hesabu, na nilikuwa nimerejeshewa nauli, shilingi 3,500, kwenye akaunti yangu. Basi Aprili ile nikaitwa na benki, sitaitaja. Bwana mmoja mwenye tai akanigeuzia kioo cha kompyuta, akaweka kidole kwenye mstari ule: "Huyu aliyekutumia hii ni nani kwako?" Nikamweleza. Akasema ananielewa, na kwamba akaunti itasubiri kidogo. Ilisubiri wiki tatu.

Hayo ya benki nimesamehe. Ambalo silisahau ni la dukani. Muuza duka wetu, mtu tuliyezoeana miaka kumi, daftari lake la mikopo lina ukurasa wangu mimi mwenyewe. Nilikwenda jioni kuchukua unga na mafuta, nikasema andika. Akatazama nyuma yangu, barabarani, kuona kama kuna mtu. Kisha akasema, "Mzee, leo lipa tu, tafadhali." Hakuwa ameamini lolote baya juu yangu. Alikuwa anaogopa jina langu kuonekana kwenye daftari lake. Hivyo ndivyo orodha ya majina 86 inavyokuwa ya watu elfu kadhaa bila kuchapishwa tena.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Alabama, Marekani, mwaka 1956, serikali ya jimbo ilikidai chama cha haki za watu weusi, NAACP, kitoe orodha ya wanachama wake. Kikakataa, kikatozwa faini ya dola 100,000. Waliomba majina tu! Lakini kila mtu alijua jina likishatoka, asubuhi yake ni kufukuzwa kazi au nyumba kuchomwa moto. Mwaka 1958 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa sauti moja kwamba jimbo halina haki ya kupewa majina yale.

Nimeitaja Marekani kwa sababu nyingine pia. Hapa wenzangu wanaharakati hawatanipenda, maana sasa nitasema kwamba matajiri kweli hufadhili harakati, na wamefadhili za kwetu.

Nani asiyejua habari ya Tom Mboya, kiongozi wetu wa wafanyakazi na mwanasiasa, na ndege za wanafunzi aliowapeleka kusoma Marekani? Mwaka 1959 ndege ya kwanza ilitua New York na vijana 81 kutoka Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni haikuipenda safari ile hata kidogo. Barua ya kuomba nauli yao ilitiwa saini na Jackie Robinson mcheza besiboli, Sidney Poitier mwigizaji, na Harry Belafonte mwimbaji. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Pesa za matajiri wa kigeni, za watu wenye siasa zao, wakati wa kampeni za urais wa Marekani. Mmoja wa waliosafiri 1960 ni msichana kutoka Nyeri, Wangari Maathai. Mwaka 1989 msichana huyo, sasa profesa, alisimama peke yake dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park. Akatukanwa bungeni, shirika lake likatolewa kwenye ofisi za serikali, akaambiwa anatumiwa na wageni. Jengo halikujengwa. Leo watoto wanacheza pale. Belafonte naye, miaka minne baada ya ile ndege, alikuwa akitafuta pesa za dhamana za waandamanaji wa haki za watu weusi huko Birmingham, Alabama. Mfuko mmoja ulifika Alabama na Nyeri.

Miaka ile ya sitini Mboya aliitwa mtu wa Wamarekani, na mshindani wake Oginga Odinga akaitwa mtu wa Wakomunisti. Kila mmoja alikuwa na marafiki wenye pesa, na kila mmoja alilitumia hilo kumpiga mwenzake. Tukivuka mpaka, Mwalimu Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1955, nauli haikudondoka kutoka mbinguni. Chama chake, TANU, kilikuwa na John Rupia, mfanyabiashara tajiri wa Dar es Salaam, na kilikuwa na Dossa Aziz aliyetoa gari lake. Mkono mtupu haulambwi, na chama kitupu hakisafiri.

Na kwetu kuna Matiba. Wangapi wamepita Diani, wakaona mabaki ya hoteli zile, Jadini na Africana Sea Lodge? Zilikuwa za kampuni ya Kenneth Matiba. Mtu tajiri, waziri wa zamani, aliyeamua yeye na Charles Rubia kuitisha mkutano wa kudai vyama vingi Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai 1990, ile Saba Saba yenyewe. Walikamatwa siku tatu kabla. Kizuizini akapata kiharusi, na hakuwahi kuwa yule tena. Biashara zikaporomoka. Mahakama Kuu ilimwamulia fidia mwaka 2017, akafa Aprili 2018. Kwa hiyo mtu akiniambia tajiri anayefadhili upinzani lazima anatafuta faida, nitampeleka Diani nimwonyeshe faida yenyewe, ina miti imeota ndani ya vyumba.

Lakini ndugu zangu, msipige makofi bado. Pesa huharibu, nami nimekuwa kwenye chumba kile inapoharibu.

Kulikuwa na kikundi cha vijana na kina mama Kisauni, sitakitaja jina. Walikuwa wakidai maji. Hawakuwa na ofisi. Walikuwa na daftari la kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na ndani yake michango ya shilingi 20 kila Jumapili. Mama Asha 20, Kombo 20, Mama Asha 20, Kombo hajalipa. Kwa shilingi hizo walichapisha bango, walikodi matatu, walikwenda ofisi ya kaunti wakakaa sakafuni mpaka mtu akaja kuwasikiliza. Kisha akaja mfadhili, mtu mwema kabisa, na mimi ndiye niliyewaandikia bajeti. Wakapata ofisi, laputopu mbili, ratiba ya warsha. Mikutano ikahamia hotelini. Watu wakaanza kuuliza, kabla ya kuuliza mada, kama kuna nauli. Mwenyekiti na mweka hazina wakagombana juu ya nani atakaa na laputopu wikendi. Na pole pole, bila mtu kuamuru, kukaa sakafuni kwenye ofisi ya kaunti kukaisha, kwa sababu sasa kulikuwa na "kikao cha wadau".

Baada ya miaka miwili mradi ukaisha. Wakasema turudi kwenye daftari. Jumapili ya kwanza walilipa watu wanne. Ya pili hakulipa mtu. Daftari lile ninalo mimi.

Kwa hiyo nikiulizwa kama pesa za matajiri zinawasha maandamano, jibu langu ni kwamba sijaona zikiwasha. Nimeona zikizima, tena kwa upole, na chai ya saa nne. Serikali ingejua hili, ingewaomba wafadhili waongeze.

Mtu mmoja ameniletea swali kwa karatasi: mbona hatuulizi nani huwalipa wale wa upande wa pili? Swali zuri. Tarehe 17 Juni 2025 Nairobi iliona vijana juu ya pikipiki, na mijeledi na rungu, wakiwapiga waandamanaji mchana kweupe karibu na polisi. Siku ile ile muuza barakoa asiyekuwa na bango wala kauli alipigwa risasi na askari. Kuna vocha ya wale wa pikipiki mahali fulani, nami ningependa sana kuisoma. Haijaandikiwa barua na wizara yoyote.

Na jambo dogo la sheria, kisha nimalize. Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Haikusema "kwa nauli yake mwenyewe". Vilevile Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013, ililala kabatini miaka kumi na moja, ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, mwezi mmoja kabla ya maandamano. Inataka mashirika yaweke hesabu na kuzionyesha. Sawa kabisa! Aliyevunja kioo ashtakiwe kwa kioo, aliyeiba pesa ya mfadhili ashtakiwe kwa wizi. Kila mmoja kwa tamvua lake.

Nimeona mkono kule nyuma. Ndiyo, mwanangu, sema kwa sauti.

Anauliza: sisi kikundi chetu tumeahidiwa pesa na mtu tajiri anayeishi ng'ambo, tuchukue au tukatae?

Mwanangu, nitakujibu kihasibu. Pesa ya wakili chukua. Ya dhamana chukua, ya hospitali chukua hata leo usiku. Ya nauli ya kwenda kuandamana usichukue, hata shilingi kumi, hata ikitoka kwa mtu mwema. Kama mtu hawezi kutembea kutoka Majengo hadi Treasury Square kwa jambo lake mwenyewe, basi jambo hilo bado halijaiva. Chochote mtakachochukua, andikeni kwa mkono, jina la aliyetoa na kiasi, mkibandike mlangoni ambapo muuza duka na askari wote wanaweza kusoma. Mtoaji akikataa jina lake libandikwe, mrudishieni siku hiyo hiyo, tena mbele ya mashahidi wawili.

Na endeleeni kutoza shilingi 20 kila Jumapili, hata kama hamzihitaji. Kombo bado hajalipa.